Mlango Unaofunguka Nje

Ofisi ya Majengo ya Kale
Tarehe 6 Februari

Kwa Bibi wa nyumba ya tatu, mkabala na kanisa

Shikamoo Bibi,

Mchungaji wenu ameniambia kwamba katika mtaa wa kanisa hakuna aliyebaki anayekumbuka mambo ya zamani kukuzidi wewe. Mimi ni mtafiti. Ninaandika historia ya kanisa hilo na nyumba sita zinazolitazama, kwa sababu mwaka huu ofisi yetu itazifanyia ukarabati. Kanuni yetu ni moja: kila kitu kirudi kama alivyokusudia aliyekijenga.

Nina maswali mawili. La kwanza: nyumba yako ina ukumbi mrefu sana na mwembamba. Nimeandika kwamba ulikuwa wa kupokelea wageni mashuhuri. Ni kweli? La pili: mlango mkubwa wa kanisa unafunguka nje. Makanisa mengine yote ya wakati ule yana milango inayofunguka ndani. Tunadhani kuna mtu aliukosea baadaye alipokuwa akiutengeneza, na tungependa kuugeuza urudi kama zamani. Unakumbuka lolote?

Najua una wa kukuandikia. Ukipata nafasi, nijibu.

Wako,
Mtafiti

*

Tarehe 15 Februari

Mwanangu Mtafiti,

Marahaba. Anayeandika ni mkwe wangu, mke wa mwanangu. Mwandiko wake mzuri lakini ana haraka, magauni ya watu yanamngoja kwenye cherehani, nikivuta pumzi tu anafunika kalamu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshe. Kinachonyooshwa ni nguo.

Kwanza, nyumba si sita. Zilikuwa saba. Ya saba ilichukuliwa na bahari, zikabaki ngazi zake tano zinapanda kwenda hewani, na ukizipanda mpaka juu unafika popote? Hufiki. Lakini ngazi zipo, kwa hiyo andika saba, waliokaa pale walikuwa watu, walikuwa wakituazima kinu na kukirudisha kimevunjika.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mpiga kengele. Mvivu huyo! Mtu mzima anakaa hatua ishirini kutoka kanisani na hataki kwenda kupiga kengele. Akamwomba baba yangu amsokotee kamba ndefu, akaitoa kwenye kengele, akaivusha barabara, akaipitisha kwenye ukuta mpaka kitandani kwake. Anavuta amelala. Sasa lile tundu juu ya dirisha lake, nasikia mmeandika ni la kuingiza hewa. Hewa gani? Ni la uvivu. Siku moja akaota anavuta nyavu, watu wote tukaamka tukavaa tukaenda kanisani, siku ya Jumanne.

Ya pili ya mkunga. Ile ina milango miwili, wa mbele wa waliokuja na waume zao, wa nyuma wa waliokuja peke yao. Alikuwa akiwapokea sawasawa, ndiyo maana vizingiti vyote viwili vimelika sawa. Nenda katazame.

Ya tatu ndiyo yetu. Mwanangu, eti wageni mashuhuri! Mgeni mashuhuri mle ndani alikuwa panya. Baba yangu alikuwa msokota kamba. Kamba haisokotwi kwenye chumba cha kujikunja, inataka urefu. Mtu mmoja anasimama mwisho ule anazungusha, mwingine anarudi kinyumenyume na nyuzi. Mimi ndiye niliyekuwa narudi kinyumenyume. Utoto wangu wote nimeutembea kinyumenyume, nadhani ndiyo maana mpaka leo nayaona zaidi ya nyuma.

Kuhusu mlango. Unafunguka nje kwa sababu ya upepo wa baharini. Na kwa sababu ya mafuriko. Bahari ilipanda tukiwa ibadani, watu wakaukimbilia mlango wote kwa pamoja, wakausukuma, ukafunguka, tukatoka. Ungekuwa wa kufunguka ndani tungebanana pale tukafa kama dagaa kwenye gunia. Ndiyo maana ukatengenezwa hivyo. Basi. Hakuna wa kuugusa.

Mkwe anasema karatasi imeisha. Haijaisha, naiona.

Mimi,
Bibi wa nyumba ya tatu

(Mimi mkwe naongeza: Bibi alipofika kwenye mlango aliniacha nimeshika kalamu hewani kabla ya kusema hayo. Si kawaida yake. Nilidhani amesinzia, kumbe analitazama kanisa.)

*

Ofisi ya Majengo ya Kale
Tarehe 26 Februari

Shikamoo Bibi,

Barua yako imesomwa ofisi nzima. Nimefuta wageni mashuhuri, nimeandika kamba. Nimeandika saba.

Lakini kuhusu mlango nakuomba radhi, kuna jambo halikai sawa. Kitabu cha kanisa kinaonyesha mlango ulipachikwa miaka mitatu kabla ya mafuriko. Usingeweza kutengenezwa hivyo kwa sababu ya jambo ambalo lilikuwa bado halijatokea. Isitoshe, mafundi wetu wameikagua fremu. Upande wa ndani kuna mahali pawili palipochimbwa kwa patasi, pa kukalia bawaba, halafu pakazibwa kwa vipande vya mbao. Maana yake aliyeutengeneza alikusudia ufunguke ndani.

Kwa hiyo, kwa kanuni yetu, mafundi watakuja tarehe 20 Machi kuugeuza. Kitabu kimemtaja aliyeutengeneza kwa neno moja tu: "fundi". Kama unakumbuka habari zake, nitafurahi kumwandika.

Wako,
Mtafiti

*

Tarehe 9 Machi

Mwanangu,

Leo anaandika mshona viatu wa pale kona. Mkwe nimemwambia nakwenda kutia kiatu kiraka. Na kiraka kimetiwa, kwa hiyo sijadanganya. Kuna maneno hayasemwi mbele ya mkwe. Huyu mshona viatu ameapa mdomo wake utakaa umeshonwa. Anacheka. Andika kwamba unacheka, wewe, nisije nikaonekana nasema na ukuta.

Umenikamata. Mlango ulitangulia, mafuriko yakafuata. Sasa nakueleza yenyewe, na ukishasikia ndipo uniambie kama bado unawaleta hao mafundi wako.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Viganja vyangu vilikuwa vigumu kama gome la mti kwa ajili ya kamba. Fundi wa mlango alikuja na lori la wajenzi, akapewa chumba kwa mpiga kengele. Mrefu, na kimya. Kimya mpaka unatamani kumtikisa usikie kama ndani kuna kitu. Mimi nilikuwa nampelekea maji ya kunywa, nasimama pale alipokuwa akifanyia kazi, nasema kwa niaba yetu sote wawili. Yeye anapiga randa, anasema, "Ehe." Namwambia habari za kinu kilichovunjika, "Ehe." Namwambia mpiga kengele ametuamsha Jumanne, "Ehe," lakini hapo mabega yalitikisika, nikajua anacheka. Miezi miwili ya ehe, mwanangu. Nilikuwa narudi nyumbani nimeshiba.

Halafu siku moja akaiweka randa chini. Akasema, "Jumapili, baada ya ibada, nitakwenda kuzungumza na baba yako." Akaichukua randa, akaendelea. Mimi nikarudi nyumbani kinyumenyume, kama niko ukumbini na nyuzi mkononi.

Ijumaa ile ndiyo akawa anapachika mlango. Wenzake walikuwa wanafunga vifaa, hakuna wa kumshikia, akaniita mimi. Mama yangu alikuwa ameketi mlangoni kwetu anachambua maharage, akapaza sauti, "Kumshikia mshikie, lakini muwe huku nje! Mikono yote minne niione!" Basi tukafanya kazi yote kwa nje. Mimi nimeukumbatia ubao wa mlango, yeye anachimba fremu na kukaza bawaba, mama anahesabu mikono kule, na mimi nasema bila kupumua kwa sababu ya woga. Yeye siku ile alikuwa anasikiliza kweli. Hapo ndipo alipokosea. Kule ndani alikuwa ameshachimba mahali pa bawaba tangu jana yake, akasahau. Fundi mzima!

Tulipomaliza akausukuma uingie ndani. Hauendi. Akausukuma tena. Akasimama kama kuku aliyenyeshewa. Ndipo akazunguka ndani akayakuta yale matundu yake ya jana yanamtazama.

Mara akatokea mzee wa kanisa, yule wa zamani, Mungu amrehemu, kidevu mbele. "Fundi, mbona mlango unafunguka nje? Mlango wa kanisa hufunguka ndani, mtu aone anakaribishwa." Fundi akafungua mdomo. Nilijua anakwenda kukiri, hakuwa mtu wa uongo. Nikaona jina lake litaharibika mbele ya wenzake. Nikamrukia neno: "Ni upepo, mzee! Upepo wa baharini ungeusukuma ukajifungua katikati ya mahubiri. Fundi amefikiria mbali." Mzee akautazama mlango, akamtazama fundi, akasema, "Ama kweli huyu ni fundi." Akawatangazia wote kazi imekwisha, lori liondoke kesho asubuhi.

Kesho Jumamosi, mwanangu. Si Jumapili.

Ningenyamaza, angeambiwa aurudie. Kuurudia ni kung'oa fremu, kuziba, kungoja mbao nyingine, wiki nzima. Jumapili ingemkuta hapa. Watu husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi, na mpaka leo nachechemea.

Asubuhi ile nilikuwa ukumbini na baba, nazishika nyuzi, siwezi kuziachia, ukiachia kamba yote inafumuka. Nikamsikia kwa nje anamwambia mama, "Mama, ule mlango sijaumaliza. Nitarudi kuugeuza." Mama akamjibu, "Karibu." Lori likawaka.

Aliandika mara moja, kwa baba. Tulikaa wote, baba akasomewa. Mlango tu! Mlango bado unafunguka vizuri? Mvua haijauharibu? Hata salamu kwa waliomletea maji hakuna. Nikasema moyoni, kumbe alipenda mbao. Nikainuka nikatoka, sikusikia baba alimjibu nini. Mwaka uliofuata nikaolewa na muoka mikate. Alikuwa mtu mwema, nililia nilipomzika na bado namlilia. Yeye simsaliti, na wewe sikudanganyi. Lakini moyo si nyumba ya chumba kimoja.

Mafuriko yalipokuja nilikuwa na mwanangu mgongoni, nimebanwa na watu mpaka miguu haigusi chini. Mlango ukafunguka nje. Mwanangu yule ndiye mume wa mkwe sasa. Kosa la fundi ndilo lililompa huyo mkwe mume.

Sasa sikiliza. Alisema atarudi kuugeuza. Miaka hamsini na mmoja napita pale, nauvuta mlango kuja kwangu, nasema, bado. Kazi yake bado ipo. Mafundi wako wakiugeuza, yeye arudi kufanya nini?

Mshona viatu ameacha kucheka. Mwache.

Mimi,
Bibi wa nyumba ya tatu

*

Ofisi ya Majengo ya Kale
Tarehe 18 Machi

Shikamoo Bibi,

Mafundi hawatakuja tarehe 20. Nimewazuia. Mkubwa wangu aliuliza sababu, nikamsomea barua yako, akatoka kwenda kuvuta hewa.

Kanuni inasema tufuate kusudio la aliyejenga. Haisemi tulikisie kama yu hai. Juu ya ukingo wa mlango wenu, mahali ambapo mtu haoni bila ngazi, kuna alama tatu ndogo za patasi, moja imelala. Mwenzangu wa ofisini alizitambua. Aliwahi kuziona kwenye milango ya shule moja ya bara, mbali sana na kwenu. Tulipiga simu. Wanasema fundi wa milango ile ni mzee, anaishi nyuma ya shule.

Nilimwandikia kabla barua yako ya mwisho haijafika, kumuuliza swali moja tu la kiofisi, nikamtajia kwamba anayetusimulia ni binti wa msokota kamba. Majibu yake kwa ofisi ninayo. Barua aliyoiambatanisha si ya ofisi, kwa hiyo sijaifungua. Hii hapa.

Wako,
Mtafiti

*

Tarehe 14 Machi

Kwa binti wa msokota kamba,

Mkono wa kulia unatetemeka. Usinicheke mwandiko. Najua utasomewa. Msomaji naye asicheke.

Ofisi imeniuliza nilikusudia mlango ufunguke wapi. Nimewajibu kazi ile haijakamilika na asiiguse mtu.

Ile barua niliyomwandikia baba yako. Nilijua itasomwa mbele yenu wote. Wewe hukujua kusoma, na mama yako alikuwa na macho. Nikaona niulize mlango. Sikuwa naulizia mbao. Baba yako alinijibu: mlango mzima, una mwenyewe wa kuutunza, usijisumbue kuja. Nilikaa na karatasi ile mpaka nikaijua kwa moyo. Sikujisumbua.

Nilioa. Mke wangu amefariki miaka tisa sasa. Tuliishi vizuri.

Nimetengeneza milango mingi tangu siku ile. Yote inafunguka nje. Hapa wananiita Fundi Nje. Wakiniuliza sababu nasema ni upepo wa baharini. Huku hakuna bahari. Hakuna hata upepo.

Sijaongea hivi na mtu miaka mingi. Unaona nimejaza ukurasa.

Mama yako najua hayupo tena. Nani atahesabu mikono?

Miguu yangu bado inaweza safari. Nijulishe kazi iliyobaki ni kubwa kiasi gani. Kama ni ndogo, hata fundi wa huko anaweza kuimaliza, na mimi nitaelewa.

Ehe.

Fundi

*

Tarehe 29 Machi

Kwa fundi wa mlango,

Anayeandika ni mkwe. Ameshajua yote. Mshona viatu ni gunia lililotoboka, siku mbili tu habari zilikuwa zimefika kwenye cherehani. Nilijiandaa kuona aibu, mkwe akaniambia, "Mama, kwani mimi naishi na nani? Na mtoto wa mlango huo." Barua yako amenisomea mara tatu bila kufunika kalamu wala kutaja magauni. Ya nne nimeishika mwenyewe. Sijui kusoma, lakini nimeona mahali mkono ulipotetemeka.

Baba yangu simlaumu. Aliulizwa mlango, akajibu mlango. Au alijua. Baba alikuwa anaona uzi umekatika kabla haujakatika. Tumwache alale.

Umeuliza kazi ni kubwa kiasi gani. Kubwa. Nimetoka sasa hivi kuutazama. Fremu ing'olewe, matundu ya nje yazibwe, ya ndani yafunguliwe, mbao zingojewe, na mbao siku hizi zinachelewa kufika. Ni wiki nzima, na mimi naona zaidi. Fundi wa huku hawezi, nimewaambia wote hawezi, na wamekubali kwa sababu wamechoka kunisikiliza. Chumba cha mpiga kengele kiko wazi, tundu la kamba bado lipo.

Wa kukushikia ubao nipo. Viganja vimelainika lakini vinashika.

Mzee wa kanisa siku hizi ni mwanangu. Ana kidevu kama cha yule wa zamani, sijui alikiokota wapi. Atakuja, atasimama, atauliza mbona mlango unafunguka nje. Wewe jibu unavyotaka. Kiri, usikiri, sema ulikosea, sema unaanza upya.

Mimi safari hii sitasema neno.

Binti wa msokota kamba